Betri Isiyojaa: Tafuta Tatizo Kabla ya Kununua Nyingine

Mada ya leo: Umeme wa sola nyumbani na kibandani
Wanaosikika: Mtangazaji, Fundi wa sola, Mama mwenye kibanda cha kuchaji simu
Kwa viongozi wa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya majadiliano yako mwishoni.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA CHINI]

MTANGAZAJI: Popote unapotusikiliza, iwe Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kakuma, karibu katika kipindi chetu. Leo tunazungumzia kitu kinachokaa kimya pembeni mwa nyumba, na ambacho hatukikumbuki mpaka taa zizime: betri ya sola. Wengi mmetuuliza swali lilelile. Betri yangu ilikuwa inafika asubuhi, sasa saa mbili usiku imekwisha. Je, ninunue nyingine? Tumekwenda kwa mama mmoja mwenye swali hilo, na tumefuatana na fundi.

[SAUTI ZA SOKONI, SIMU INALIA, WATOTO WANACHEKA]

MTANGAZAJI: Mama, tueleze yaliyokupata.

MAMA: Mimi nachaji simu za majirani, ndiyo kazi yangu. Nilianza na paneli moja na betri moja. Mwaka wa kwanza hakukuwa na shida. Halafu taa zikaanza kufifia mapema. Watu wakaniambia, betri imekufa, nunua nyingine. Nikangoja zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kina mama, nikapokea pesa zangu, nikanunua betri mpya. Haijamaliza miezi sita, nayo imeanza yaleyale! Sasa muuzaji anasema atanikopesha ya tatu, nimlipe kidogo kidogo. Lakini nitamlipa na nini? Wateja wameanza kwenda kwingine. Na binti yangu anasomea taa hiyo, ana mtihani mwaka huu.

MTANGAZAJI: Fundi, umesikia. Unasemaje?

FUNDI: Kwanza nimwambie mama asichukue mkopo huo bado. Betri moja ikifa upesi, labda ilikuwa mbovu. Lakini betri mbili zikifa kwa namna moja, katika nyumba moja, tunatakiwa kuuliza kinachoziua. Tusipokipata, betri ya tatu itafuata wenzake.

MTANGAZAJI: Utakipataje?

FUNDI: Nifikirie kama mtungi wa maji. Paneli ni bomba linaloleta maji. Waya ni mpira unaoyapeleka mpaka mtunguni. Betri ni mtungi wenyewe. Taa, simu na televisheni ni watu wanaokuja kuchota. Ukikuta mtungi mtupu asubuhi, huwezi kusema moja kwa moja kwamba mtungi ni mbovu. Pengine bomba linatoa kidogo. Pengine mpira umebanwa njiani. Pengine wachotaji wamezidi. Au kweli mtungi una ufa. Hivyo ni vitu vinne, na tunavikagua kimoja kimoja. Hatununui chochote mpaka tumalize.

[MUZIKI MFUPI]

Kabla ya kugusa betri

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kabla ya kuendelea, fundi ana maonyo. Tafadhali yasikilize vizuri.

FUNDI: Volti 12 haziwezi kukurusha kama umeme wa nguzoni, lakini betri ina hatari zake. Ya kwanza ni moto. Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, kinatoa cheche kubwa na kuwa chekundu kwa muda mfupi sana. Vua pete na bangili. Spana yako izungushie mpira au plasta ya umeme kwenye mpini.

Ya pili ni gesi. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Usivute sigara karibu nayo, na kamwe usiwashe kiberiti ili uone kama ina maji ndani. Tumia tochi. Betri ikae mahali penye hewa, si chini ya kitanda wala kando ya jiko.

Ya tatu ni asidi. Ikikudondokea kwenye ngozi, osha papo hapo kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, endelea kumimina maji safi kwa robo saa na zaidi, kisha nenda zahanati bila kuchelewa. Na watoto wakae mbali.

MTANGAZAJI: Na kufungua nyaya?

FUNDI: Kuna utaratibu. Zima taa na vifaa vyote kwanza. Kisha ondoa waya za paneli. Mwisho ndipo uondoe betri. Wakati wa kurudisha, unaanza na betri, halafu paneli. Kontrola, yaani kile kisanduku kidogo kilicho kati ya paneli na betri, kinaweza kuharibika kikipokea umeme wa paneli wakati hakuna betri.

Betri ina kiasi gani?

FUNDI: Kazi ya kwanza ni kupima. Mimi natumia multimita, wengine huiita tesita. Si kila nyumba inayo, lakini mafundi wengi wa simu wanayo, na kupima ni kazi ya dakika moja. Kontrola nyingine pia zina kioo kinachoonyesha volti.

MTANGAZAJI: Wakati wowote?

FUNDI: Hapana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukipima wakati jua linaichaji, namba inapanda. Ukipima wakati televisheni inawaka, inashuka. Betri lazima ipumzike. Ndiyo maana jana jioni nilimwomba mama azime kila kitu, nikafungua nyaya, ikalala hivyo. Leo asubuhi kabla jua halijapanda nikapima. Kwa betri hizi za asidi za volti 12, namba zinasomwa hivi:

– Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
– Volti 12.4: imebaki robo tatu.
– Volti 12.2: imebaki nusu.
– Volti 12.0: imebaki robo.
– Volti 11.8 kwenda chini: imekwisha.

MTANGAZAJI: Na ya mama?

FUNDI: 11.9.

MAMA: Na jua lilikuwa kali jana, mchana kutwa!

FUNDI: Ndiyo, mama. Kwa hiyo tumeshajua jambo moja. Jua lipo, lakini mtungi haujai. Niongeze tahadhari kwa wasikilizaji: namba hizi si za betri za lithiamu. Zile zina namba zake, na ukizipima kwa kipimo hiki utadhani zimejaa wakati zimekaribia kwisha.

MTANGAZAJI: Betri kukaa tupu kuna ubaya gani? Si itajaa kesho?

FUNDI: Hilo ndilo ningependa kila mtu alikumbuke. Ndani ya betri kuna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi. Kila unapotumia umeme, sahani hufunikwa na chumvi nyeupe laini. Ukichaji betri ikajaa, chumvi ile huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Lakini ikikaa siku nyingi bila kujaa, chumvi hugeuka ngumu kama ukoko wa sufuria, na haitoki tena. Sehemu ile ya sahani haifanyi kazi tena. Kila wiki betri inapungua uwezo. Nje inaonekana mpya, lakini ndani ni nusu betri. Hii haifi kwa uzee. Inakufa kwa njaa.

MAMA: Kwa njaa…

FUNDI: Kwa njaa, mama. Kwa hiyo usivuke nusu. Ukiona asubuhi iko chini ya 12.2, jana ulitumia kupita kiasi, au haikulishwa vya kutosha.

[MUZIKI MFUPI]

Swali la kwanza: Je, umeme unaingia?

[SAUTI: FUNDI ANAPANDA NGAZI, BATI LINALIA]

FUNDI: Sasa niko juu ya paa. Paneli ina vumbi jekundu, tabaka zima. Hilo linafutwa kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi au jioni wakati kioo kimepoa. Usisugue kwa mchanga, utaikwaruza. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mama, mti huu ulikuwapo ulipofunga paneli?

MAMA: Ulikuwapo, ila ulikuwa mdogo. Hata mimi nilikuwa naufikia kwa mkono.

FUNDI: Umekua. Kuanzia saa nane mchana tawi hili linatupa kivuli kwenye pembe ya paneli.

MTANGAZAJI: Lakini ni pembe tu, fundi. Sehemu kubwa inapata jua.

FUNDI: Vipande vya paneli vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo. Mmoja akisimama, ndoo haipiti, hata wengine wakiwa na nguvu. Kivuli cha tawi moja kwenye pembe kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Kwa hiyo mama anapoteza karibu alasiri yote.

MTANGAZAJI: Tukate mti?

FUNDI: Hapana. Kambini kukata mti kuna masharti yake, na kivuli hicho watoto wanakihitaji. Tunahamisha paneli. Upande wa pili wa paa hauna kivuli tangu asubuhi mpaka jioni. Tutaiinamisha kidogo tu, ili mvua ioshe vumbi. Kwetu huku jua linapita karibu na utosi, hakuna haja ya kuisimamisha sana.

Na kama unataka kujua paneli yako ni nzima, itoe kwenye kontrola saa sita mchana, kisha pima waya zake mbili. Paneli ya mfumo wa volti 12 kwenye jua kali huonyesha kati ya volti 18 na 22 ikiwa haina mzigo. Ukipata sifuri, kuna waya uliokatika au kiunganishi kilichoachia. Paneli ya mama imeonyesha 20. Ni nzima.

Swali la pili: Je, umeme unafika?

FUNDI: Bomba linatoa. Sasa tufuate mpira. Saa sita hii nimepima sehemu mbili. Kwenye kontrola, pale waya za betri zinapoanzia, nimepata 13.6. Kwenye vichwa vya betri vyenyewe nimepata 12.7.

MTANGAZAJI: Waya ni uleule, namba ni mbili tofauti?

FUNDI: Ndiyo. Karibu volti nzima inapotea njiani. Ikipotea zaidi ya nusu volti, tafuta sababu. Na hasara yake ni mbili. Umeme unapotea, halafu kontrola inadanganyika. Yenyewe inasoma namba ya upande wake. Inadhani betri imekaribia kujaa, inaanza kupunguza chaji mapema, na betri bado ina njaa.

MAMA: Mimi naona taa ya kijani, nafurahi.

FUNDI: Taa ya kijani inakueleza kontrola inachofikiri, mama. Sasa tazama hapa kwenye kichwa cha betri. Unaona huu unga mweupe wenye rangi ya kijani na buluu?

MAMA: Nilidhani ni vumbi.

FUNDI: Ni kutu ya asidi, na umeme hauipendi. Tunaisafisha. Tumefungua nyaya kwa utaratibu ule niliosema. Tunachukua soda ya kuokea maandazi, kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, tunasugua kwa mswaki wa zamani. Itatoa povu, usiogope, ni soda inaua asidi. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, maji hayo yasiingie ndani. Kisha tunakausha, tunakwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tunakaza vizuri, na mwisho tunapaka mafuta ya mgando juu yake. Kutu haitarudi upesi.

MTANGAZAJI: Na waya wenyewe?

FUNDI: Waya huu ni wa spika za redio. Ni mwembamba mno. Na hapa katikati umeunganishwa kwa kusokotwa tu, bila kukazwa. Ukitaka kujua kiungo kibaya, kiguse mara baada ya kuzima umeme. Kiungo chenye moto kinakula umeme wako. Kati ya kontrola na betri waya uwe mfupi na mnene. Kwa mfumo kama huu mimi hutumia wa milimita 6. Na karibu na kichwa chekundu cha betri lazima kuwe na fyuzi. Hapa nimekuta msumari mahali pa fyuzi.

MAMA: Fyuzi iliungua. Kijana mmoja akaniwekea huo.

FUNDI: Msumari hauungui, mama. Nyaya zikigusana, itaungua nyumba. Fyuzi ni ya bei ndogo sana kuliko nyumba.

[MUZIKI MFUPI]

Swali la tatu: Je, wachotaji wamezidi?

MTANGAZAJI: Sasa tuko ndani ya kibanda. Naona simu mezani, taa tatu, na televisheni.

FUNDI: Na chini ya televisheni kuna inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uwe kama wa nguzoni. Mama, televisheni ilikuja lini?

MAMA: Baada ya mwaka wa kwanza. Vijana wanakuja kutazama mpira, wananilipa kidogo.

FUNDI: Sasa tuhesabu pamoja. Umeme tunaupima kwa wati-saa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 1 ni wati-saa 5. Paneli ya mama ni ya wati 100. Mchana mzima ni kama inapata saa 5 za jua kamili, yaani 500. Kinachopotea njiani na ndani ya betri tukikitoa, inabaki kama 400. Hiyo ndiyo posho ya siku. Ukila zaidi ya posho, unakula akiba.

MTANGAZAJI: Na matumizi?

FUNDI: Simu janja moja, pamoja na kinachopotea, huchukua kama 20. Mama anachaji simu 12 kwa siku: 240. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5: 75. Jumla ni 315. Mwaka wa kwanza ulikuwa hivyo, na betri ilijaa kila siku.

Ikaja televisheni. Ya wati 40, kwa saa 4: 160. Tumefika 475, tumeshapita posho. Lakini bado. Inveta yenyewe, hata kama haijachomekwa kitu, inakula. Hii inakula kama wati 10. Mama, usiku unaizima?

MAMA: Naizima televisheni tu. Hiyo sikujua kwamba inazimwa.

FUNDI: Basi ni wati 10 kwa saa 24: 240! Ni sawa na simu zote 12, na hakuna aliyefaidika. Jumla ni 715. Posho ni 400, tena hapo tumesahau kivuli, vumbi na waya mwembamba. Betri gani itavumilia?

MAMA: Kumbe ndiyo iliyoua ile ya kwanza.

FUNDI: Ndiyo iliyoua ile ya kwanza. Na kuna jambo jingine. Inveta nyingi ndogo hazikati umeme mpaka betri ishuke karibu volti 10.5. Kufika hapo, betri imeshaumia zamani. Usingoje kelele ya inveta.

MTANGAZAJI: Mama aache televisheni?

FUNDI: Hiyo ni biashara yake, ataamua yeye. Lakini hesabu inasema hivi: azime inveta kwa swichi yake kila anapomaliza, na televisheni iwake saa moja tu kwa siku. Inakuwa 40 ya televisheni na 10 ya inveta, jumla 365. Anabaki ndani ya posho. Siku ya mechi ndefu, apunguze simu, au kesho yake televisheni isiwake mpaka betri ijae. Na simu zichajiwe mchana jua likiwapo, si usiku. Umeme unaotumika jua likiwaka hauchoki kuingia na kutoka betrini.

Swali la nne: Je, mtungi una ufa?

FUNDI: Mwisho kabisa tunaikagua betri yenyewe. Hii ya mama ina vifuniko sita, kwa maana ndani kuna vyumba sita, kila kimoja volti 2 na kidogo. Nafungua, natazama kwa tochi. Vyumba viwili maji yameshuka, naona ncha za sahani. Sahani zikikauka zinaharibika.

MTANGAZAJI: Unaongeza nini?

FUNDI: Maji maalumu ya betri, yale yaliyopatikana kwa mvuke, yasiyo na chumvi. Dukani kuna chupa mbili zinazofanana: moja ni maji, nyingine ni asidi. Soma au uliza. Maji hupungua kwa mvuke, asidi haipungui, kwa hiyo tunarudisha maji tu. Ukiongeza asidi utazila sahani. Nimeona pia watu wakitia maji ya kisima, maji ya chumvi, hata maji ya ndimu. Betri huchangamka siku moja na kufa wiki ijayo. Funika sahani, acha nafasi kidogo juu, usijaze mpaka mdomoni. Na betri isiyo na vifuniko isifunguliwe kabisa.

MTANGAZAJI: Watu husema betri ikikaa chini inamwaga umeme ardhini.

FUNDI: Betri za siku hizi zina ganda la plastiki, hazimwagi umeme kwa kukaa chini. Lakini mimi huiweka juu ya ubao kwa sababu ya unyevu na mafuriko. Kinachoiumiza zaidi ni joto. Mafundi tuna kanuni: joto likizidi nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo msiiweke kwenye jua wala kuibandika kwenye ukuta wa bati.

MTANGAZAJI: Na ile ya kwanza, iliyo pale kwenye kona?

FUNDI: Nimeichaji mchana kutwa kwa paneli yangu, ikapumzika. Inasimama 10.5, haipandi. Hesabu yake ni rahisi. Betri nzima ni 12.6, chumba kimoja ni 2.1. Ukitoa chumba kimoja, inabaki 10.5. Chumba kimoja kimekufa. Hiyo hairudi. Na msiiunganishe na ile mpya mkidhani zitasaidiana. Mgonjwa atamvuta mzima.

MAMA: Kuna vijana wanataka kuinunua. Wanaziyeyusha, wanatoa risasi.

FUNDI: Mama, hapo nakuomba sana. Moshi wa risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Inaingia kwenye damu na kudhoofisha ubongo wa mtoto, na ubongo ukishaumia haurudi kama zamani. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu wa mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda. Hapa wanayeyusha uani, kwenye sufuria, na watoto wamezunguka. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji wa betri. Wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya, kwa sababu nao wanaiuza.

[MUZIKI MFUPI]

Siku nne baadaye

MTANGAZAJI: Tumerudi kwa mama. Habari za kibanda?

MAMA: Nzuri. Nimenunua waya na fyuzi na chupa ya maji, basi. Siku tatu sikuwasha televisheni kabisa. Vijana walininunia!

FUNDI: Leo asubuhi imeonyesha 12.5.

MTANGAZAJI: Imepona?

FUNDI: Sitamdanganya mama. Miezi aliyokaa na njaa imeacha ukoko ndani, haitakuwa kama ilivyotoka dukani. Lakini inajaa, na inafika asubuhi. Akiilinda isivuke nusu, itamfanyia kazi. Atakapohitaji nyingine atanunua kwa pesa yake, na hiyo itakuta nyumba isiyoua betri.

MAMA: Mkopo nimeukataa. Muuzaji alishangaa. Nilimwambia, nitakuja, lakini si leo. Na binti amesoma mpaka saa nne usiku. Mimi ndiye niliyemwambia alale.

MTANGAZAJI: Asante mama. Asante fundi.

Kumbuka

MTANGAZAJI: Kabla hatujaagana, turudie. Taa zikianza kufifia, usikimbilie dukani. Pima betri asubuhi ikiwa imepumzika. Kisha uliza maswali manne kwa utaratibu. Moja, umeme unaingia? Angalia vumbi na kivuli. Mbili, unafika? Angalia kutu, waya mwembamba na viungo. Tatu, wachotaji wamezidi? Hesabu matumizi, na zima inveta. Nne, ndipo uulize kama betri ni mbovu. Betri ya asidi isivuke nusu, na ijae mara kwa mara. Iliyokufa isiyeyushwe nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani katika kikundi ana betri ya sola? Taa zinazima saa ngapi, na zamani zilikuwa zinazima saa ngapi?
2. Paneli yako ulifunga lini? Nenda ukaitazame saa nane mchana: je, kuna kivuli ambacho hakikuwapo?
3. Hesabuni pamoja posho ya siku ya paneli moja na matumizi ya nyumba moja. Nini kinaweza kupunguzwa bila kupoteza kipato?
4. Je, kikundi kinaweza kuchanga na kununua multimita moja ya kutumia kwa zamu? Nani ataitunza?
5. Betri zilizokufa katika mtaa wenu zinakwenda wapi?

MTANGAZAJI: Kwa niaba ya wote waliotayarisha kipindi hiki, nawatakia jioni njema. Kwaherini.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNAISHA]